Job Nyambok na Kikosi cha Korongo

Ndugu waombolezaji, majirani wa Muaither, wafanyakazi wenzake, na ninyi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja na yunifomu hadi ukumbi huu wa Abu Hamour, familia inajua miguu inawauma, kwa hiyo haitawachosha zaidi ya mlivyochoka.

Marehemu Job Nyambok alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Ugenya, Siaya, mtoto wa kwanza wa Mzee Jeremiah Nyambok, ambaye yuko hai nyumbani lakini umri haukumruhusu kusafiri, na wa marehemu Mama Peres. Alizaliwa katika boma lililokuwa likimsubiri mtu, yaani babu yake, Silvesta, aliyechukuliwa jeshini mwaka 1942 akapelekwa kwenye kikosi cha ndege kubwa za mabomu, zile za injini nne, ambacho askari wetu walikiita Korongo. Salamu zake za mwisho zilisema yuko na ndege, basi nyumbani wakaelewa kwamba anazirusha, na Job akalelewa kama mjukuu wa rubani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1985, kisha sekondari hadi 1989, ambako alichora ndege katika madaftari ya hesabu, na mtihani ukamlipa alivyostahili. Aliajiriwa kama mlinzi mjini Kisumu, akafunga ndoa na Carolyne tarehe 7 Desemba 1996, wakajaliwa Kevin, aliyezaliwa 1998, na Millicent, aliyezaliwa 2003, na mwaka 2011 akaja hapa Doha, akalinda milango ya hoteli na ya maduka, kwenye joto ambalo ninyi mnalijua kuliko msomaji wa historia hii.

Siku zake za mapumziko alizimalizia kwenye historia ya Korongo, kikosi kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1941, kikapelekwa Misri kupiga bandari za pwani ya jangwa, kikahamishiwa Bengali mwaka 1943, kikawa kikivuka milima kwenda kubomoa madaraja ya reli huko Burma, kikavunjwa mwaka 1946 na ndege zake kuuzwa vyuma chakavu. Kila ndege iliyoanguka aliijua pamoja na waliokuwamo, akamtafuta Silvesta miongoni mwao asimwone, na Mike, waliyekaa naye chumba kimoja, alikuwa akimwambia, "Buda, lala bana, hiyo vita iliisha kitambo." Job hakukubali, kwa sababu desturi yetu haimwachi mtu bila kaburi, na yule ambaye mwili wake haukurudi huzikiwa yago, lile tunda refu la mti wa mwegea, badala yake, ila Silvesta hakuwahi kuzikiwa chochote, kwa kuwa rubani alitarajiwa kurudi.

Mwaka 2022 alimsimulia mambo hayo Abdulrahman, mfanyakazi wa usafi kutoka Bangladesh, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Bengali, aliyeko hapa leo akiwa amefunga Ramadhani, naye akashangaa, akasema nyuma ya uwanja wa zamani wa ndege kijijini kwao, ambao Job aliujua katika historia ya Korongo, kuna pembe ya shamba isiyolimwa, na wazee wao husema wamelala hapo Waafrika waliokuwa wakipakia mabomu Februari 1945 ghala lilipolipuka. Ijumaa iliyofuata kakake Abdulrahman alikwenda huko na simu mkononi, Job akaonyeshwa nyasi, tope na ng'ombe wawili, akavua kofia, akalia mbele ya chumba kizima, kwa kuwa miaka yote hiyo alikuwa amemtafuta angani mtu aliyekuwa chini akibeba mabomu.

Alimpigia babake akaomba yago lizikwe. Mzee alikataa, akasema, "Babangu hakuwa mpagazi. Alikuwa rubani, na hakuna aliyemwona akifa," akakata simu, na tangu siku hiyo baba na mwana wakawa wanasalimiana kupitia kwa Carolyne. Jambo hilo lilimvunja Job kuliko kazi, naye aliomba mara nyingine tatu, kila likizo, akarudi Doha mikono mitupu na uso umesinyaa.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, akafariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliompikia uji, Mike aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda chake, Abdulrahman na jamaa zake, na wafanyakazi wenzake walioshika zamu zake bila kunung'unika.

Mwili utasafirishwa Ijumaa tarehe 21, na mazishi ni Jumamosi tarehe 29 Machi nyumbani Ugenya. Kaburi lilikuwa limeanza kuchimbwa jana Mzee Jeremiah alipotoka na mkongojo wake, akawasimamisha vijana, akawaonyesha mahali pengine karibu na lango, akasema, "Anzeni na la babangu. Leteni yago. Mjukuu hawezi kumtangulia babu. Na mkisoma habari zake, semeni alikuwa mbeba mabomu, mwanangu aliniambia."

Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi atazikwa Silvesta Nyambok wa Kikosi cha Korongo, na alasiri atazikwa mjukuu wake. Job, mpishe babu, kisha nawe upumzike kwa amani.