Mdomo wa Kanyere

Bunia, mwezi wa saba, 2003. Risasi zilipopungua, benchi letu la kahawa lilirudi kando ya barabara ya soko, pamoja na wataalamu wake watatu wa upasuaji, wa kujiteua: Eugène tunayemwita Radio; Katsuva, yaani Docteur, aliyewahi kuuza vidonge kule Kpandroma; na Lionel, yaani Mondial, mchimba dhahabu wa Bambu. Kanyere, aliyetupikia kahawa hapo miaka minne, alikatwa panga mdomoni mwezi wa tano. Sasa madaktari wageni wa kushona nyuso zilizokatwa walikuwa wamefika, na jina lake lilikuwa kwenye orodha yao. Nilikaa pembeni nikiomba wasilitaje. Wakalitaja.

— Eti Kanyere anaenda kufanya beauté, kujipamba sura! akasema Radio. Watu hawana hata bâche ya kufunika nyumba, yeye anatafuta sura ya filme.

— Haiko beauté, nikasema. Beauté ni kubadilisha kitu kizima. Huyu wanamurudishia kitu walimuharibia. Mudomo haifunge, uji inamwagika.

— Mademoiselle wa université, akasema Docteur, kisu iko moja, uzi iko moja. Tofauti iko wapi?

— Weye wakikushona muguu yenye risasi, tutasema umejipamba?

— Muguu ni ya kazi. Mudomo ya mwanamuke ni ya kupendeza tu.

— Na yako, Muzee?

— Yangu ni ya kunywa kahawa.

Mondial akainama, sauti ya siri:

— Kule Bambu wanasema ngozi wanaitoa kwa paja, wanabandika kwa uso. Bwana akimubusu, anabusu paja!

— Miye nilisikia ni matako, akasema Radio.

— Na vipande vyenye vinabakia, akamalizia Docteur, wanashonea wapelelezi sura mupya.

Alisema hayo kwa utulivu wa mtu aliyesoma karatasi moja ya maelezo ya vidonge, upande mmoja.

Hapo Kanyere akafika, kitenge kimefunika nusu ya uso. Aliongea polepole.

— Docteur mugeni wa kule hospitali anaomba photo ya zamani, aone mudomo ilikuwa namna gani. Zangu ziliungua na nyumba. Siye tulionana hapa kila asubui, miaka ine. Mumuambie: ilikuwa namna gani?

Radio akachungulia kikombe chake. Docteur akakohoa.

— Kahawa yako ilikuwa muzuri sana, akasema Mondial.

— Siulize kahawa.

Akanigeukia mimi, niliyesoma. Nilikumbuka sukari yangu, vijiko viwili. Nilikumbuka ufa wa kikombe, upande wa mkono wa kushoto. Mdomo, hapana.