Ndege Mwenye Kidude Mguuni

Nje ya duka la Siorapaluk, kijiji cha mwisho kaskazini mwa Greenland, pana benchi la ubao, na kahawa ya Masauna haikauki hapo. Ilikuwa Julai, jua halizami, na mlima mzima ulikuwa ukivuma kwa appaliarsuit, ndege wa baharini weusi wenye vifua vyeupe, wakubwa kama ngumi. Masauna, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa akibishana na Meno, mwindaji aliyebakiwa na mawili, alipotokea mjane Tukummeq, wavu begani, amefumbata ndege hai.

Ndege mia alikuwa amewanasa na kuwaua asubuhi ile, wa kuchachushwa katika ngozi ya sili kwa karamu. Huyu alimshinda kuua. Alikuwa na kidude mguuni.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akasema Redio.

— Mgeni ni wewe shemeji, uliyekuja kuoa. Huyu kazaliwa hapo juu, akamjibu Meno.

Wakaanza kubishana ndege hao huenda wapi giza la majira ya baridi likiingia. Meno alishikilia kwamba hulala chini ya barafu, wamebebana kama vikombe. Redio akasema huruka hadi mwezini, ndiyo maana mwezi una madoa. Moyo wa ndege ulimdunda Tukummeq kiganjani. Ndege hao hutaga yai moja tu kwa mwaka, katikati ya mawe. Naye alizaa mmoja tu, Aviaja, ambaye huu ni mwaka wa sita yuko Denmaki.

Ndipo akaja Signe, mtafiti aliyeshuka kwa helikopta jana yake. Kidude kilikuwa chake, alikifunga kiangazi kilichopita. Akakivua taratibu, akakiunganisha na kompyuta, akawaonyesha mstari kwenye ramani: kusini, hadi bahari ya Newfoundland, huko Kanada. Majira yote ya baridi ndege yule alielea huko bila kukanyaga nchi kavu, na Mei akarudi.

— Miezi minne hapa, minane kule, akasema Signe. Sasa jamani, kwao ni wapi?

Redio akazimika.

Tukummeq akapanda mpaka kwenye mawe ya kwanza, akafumbua mikono. Ndege akakaa kidogo kiganjani, kana kwamba bado ameshikwa, kisha akaruka na kupenya kwenye ufa. Chini ya mawe, kifaranga kikalia.

Mama wa watu akachuchumaa hapo kusikiliza, hata wenzake wakamaliza kahawa.