Steinvör Ketilsdóttir, Bingwa wa Kuinua Bodi, Anatundika Ovaroli

Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, dada yetu Steinvör Ketilsdóttir anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Hamar, hapa Hella, kwa miaka arobaini na mmoja. Uongozi ulipotafuta wa kuandika wasifu wake haukuhangaika, ulikuja kwangu moja kwa moja. Kuanzia ufukweni hadi kwenye barafu ya milimani hakuna asiyejua kwamba mimi, Mundi, ndiye nguzo ya karakana hii. Nikishikwa na mafua, nusu ya magari ya kusini mwa Aisilandi hayawaki. Shule niliiacha mapema, maana walimu waliona hawana la kuniongezea. Lakini siku ya leo ni ya Steinvör, kwa hiyo nitajitaja pale tu inapobidi.

Alikuja kwetu kutoka kiwanda cha samaki, msichana wa miaka ishirini na sita, mikono imeshazoea kisu na baridi. Mzee Bergsveinn, mwenye karakana, alimwajiri kufagia na kuchemsha kahawa. Kufagia alifagia, kahawa ikawashinda wanywaji kwa ukali, na kabla ya mwezi kwisha akauliza kwa nini vipande vya mbao vinavyowekwa kati ya bodi ya gari na fremu, ili matairi makubwa ya theluji yaenee, vinaoza kila mwaka. Aliambiwa mbao ndivyo zilivyo. Jumatatu moja akaingia na mzigo wa vibao vya kukatia samaki, vile vyeupe vya plastiki ngumu ambavyo kiwanda kilikuwa kinavitupa. Akavikata kwa msumeno, akavitoboa, akavipachika chini ya bodi ya gari la Bergsveinn mwenyewe. Vipo mpaka leo. Ni kweli kwamba siku za jua gari lile hunukia samaki, na paka wa Hella nzima hulala chini yake, lakini hakuna kilichooza.

Tangu hapo kuinua bodi ikawa kazi ya Steinvör. Wasiojua hudhani ni kupiga jeki tu. Unalegeza boliti za upande mmoja, unanyanyua bodi taratibu, unapachika vibao, unafunga boliti ndefu zaidi, kisha unahamia upande wa pili. Hapo ndipo gari huanza kulalamika: shafti ya usukani imekuwa fupi, mpira wa kujazia mafuta umevutika, feni inakula kava lake, mkono wa gia umezama. Steinvör alilizunguka gari kama mama anayemkagua mtoto asubuhi ya shule, kofia ipo, soksi zipo, pua imefutwa. Na akiona upenyo umebaki kati ya bodi na bampa, gari halikutoka. “Hili limevaa suruali ya mdogo wake,” alikuwa akisema. “Mnataka watu wa Selfoss watucheke?”

Mimi alinipokea vizuri nilipoanza kazi. Siku ya kwanza, nikihangaika na gari lililogoma kuwaka, nilimweleza jinsi nilivyovuka barafu kuu kwa gia ya nyuma, na yeye, kipande cha sukari kikiwa shavuni na kikombe mkononi, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Bwana mdogo, ukinyamaza kidogo hilo gari litawaka lenyewe.” Nikanyamaza, na kweli likawaka. Sijui alifanyaje.

Sasa nifike kwenye ile siku ya Februari 2001, maana wasifu wa Steinvör bila siku ile ni mchuzi bila chumvi. Gari la kikosi chetu cha uokoaji cha kujitolea lilikuwa ndani ya karakana, bodi imeinuliwa asubuhi ile ile, matairi mapya makubwa yamefungwa, kila moja linanifika kifuani. Nje theluji ilikuwa imeanguka mpaka ng'ombe wakawa wanachungulia kwenye mabomba ya moshi ya nyumba. Simu ikalia. Hugrún wa shamba la Gil, ng'ambo ya mto, ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, na mkunga aliyekuwa naye anasema mtoto amelala vibaya tumboni, anahitaji daktari. Helikopta imeshindwa kuruka. Hakuna gari lingine wilayani lenye uwezo wa kufika.

Dereva wa kikosi, mnamjua, ni mimi. Mwenzangu akaliwasha, akalisogeza hadi mlangoni, na paa likagonga kizingiti cha juu. Tulikuwa tumepima mlango vizuri sana, ila tuliupima kabla ya kiangazi, na kiangazi kile kile tulimwaga zege jipya sakafuni. Sakafu imepanda, gari limepanda, mlango uko pale pale.

Zikaanza kelele. Bergsveinn alitaka kuvunja kizingiti kwa nyundo. Mwingine akamwambia kizingiti hicho ndicho kinachobeba paa lenye theluji yote ile, akivunja tutaokolewa sisi. Mwingine akasema tuvitoe vibao turudishe bodi chini, kazi ya siku nzima. Simu ikalia tena, mkunga akauliza tumefika wapi. Tulikuwa tumefika mlangoni.

Steinvör aliweka kikombe chini. “Nyie mnakwenda mlimani au mnakwenda harusini?”

“Mlimani, dada, sasa hivi tunafanya nini?” Bergsveinn alikuwa karibu kulia.

“Na mkifika kwenye theluji mtafanyaje na hayo matairi?”

“Tutatoa upepo yasizame, kama kawaida.”

“Basi toeni hapa hapa! Theluji si iko mlangoni?”

Jamani. Sisi tuliozaliwa tukitoa upepo, ambao tunalegeza matairi kwenye theluji kabla hatujafikiria kufunga mkanda, hakuna aliyekumbuka kwamba upepo unatoka hata ndani ya nyumba! Steinvör alikuwa ameshapiga magoti kwenye gurudumu la kwanza. Matairi yakazomea, gari likashuka kama ngamia anayepakiwa mizigo, Steinvör akaing'oa taa ya paani kwa spana, na tukatoka tukikwaruza rangi tu. Nikaruka kwenye usukani kwa mruko mmoja. Waliokuwepo ni mashahidi.

Safari yenyewe naifupisha kwa unyenyekevu. Mto ulikuwa umefura, vipande vya barafu vikubwa kama makanisa vikipita, maji yakapanda mpaka dirishani na samaki mmoja akanitazama kwa heshima. Kwa bodi ya zamani tungesombwa. Bodi ya Steinvör ilituvusha. Tukamchukua Hugrún na mkunga wake, tukarudi kwa njia ile ile, na tulipogusa lami tukasimama kujaza upepo. Hapo tulichelewa kidogo kwa sababu za kiufundi. Jioni ile ile, hospitalini Selfoss, akazaliwa mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Mimi nilikuwa nimeshawatayarishia jina la Munda. Siku ya ubatizo familia nzima ikamgeukia fundi wetu, na mtoto akaitwa Steinvör. Fundi alisema ni moshi wa mishumaa uliomwingia machoni. Ana miaka ishirini na minne sasa huyo mtoto, na leo anakuja na keki.

Tangu wakati huo Steinvör ameinua bodi za magari ya vikosi vyote vya kusini. Mnayatambua kwa vibao vyeupe na bampa lisilo na upenyo. La kikosi chetu lina alama moja zaidi, kipande cha chuma kilichochomelewa chini ya mlango wa dereva, ambacho nimewaeleza nyote kwamba ni cha kuegemezea jeki.

Dada Steinvör, karakana yote inakushukuru. Mikono yako iloweke kwenye bwawa la maji moto kadiri inavyotaka, kahawa yako iwe kali, na kila gari utakaloliona barabarani liwe limevaa suruali yake mwenyewe.

Nimebakiwa na jambo moja. Gari jipya la kikosi linaingia Jumatatu, na Steinvör hatakuwepo, kwa hiyo atakayeinua bodi lazima ajue. Siku ile tulipojaza upepo pale kwenye lami, gari lilinyanyuka nami niko nje. Nilijaribu kupanda mara kadhaa. Hugrún akapiga kelele kutoka nyuma, “Mjomba Mundi, panda, au nizae hapa hapa!” Mkunga akashuka, akanisukuma makalio mpaka nikaingia. Alimsimulia Steinvör peke yake, na wiki iliyofuata kile chuma kilikuwa kimeshachomelewa, bila neno. Hakijawahi kugusa jeki. Ni kidato cha kupandia. Miguu yangu haifiki.