Sweta Analolishia Farasi

Ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa amefumba macho, lakini masikio hayana kope. Kwenye kiti cha mbele yake, binti anayekwenda kuanza chuo kikuu alikuwa akimweleza mama asiyemjua kwamba farasi wake amemwachia baba.

"Muuze, mwanangu," mama akasema. "Mshika mbili moja humponyoka."

"Huyu akiponyoka hurudi mwenyewe, mama. Tabu yake ni chakula. Hagusi kitu mpaka asikie harufu yangu. Nimemwachia baba sweta langu la waridi, alivae akienda kumlisha."

"Mzee mzima, sweta la waridi?"

"Tena linamfika kitovuni."

Fundi akauma leso asije akaangua kicheko. Mara simu ya binti ikalia, na sauti ya baba ikasikika nusu ya basi.

"Leo nilisahau kulivaa, na kala chakula chote!"

"Ushindi huo!" mama akapiga makofi. "Lakini bado nasema muuze."

Binti akageukia simu. "Basi likunje, baba, ulirudishe kabatini."

Baba akakohoa.

"Aa, ngoja kwanza. Nimelivaa sasa hivi. Huku kuna kibaridi."

Fundi akafumbua macho, akatazama dirishani. Jua lilikuwa linayeyusha lami, na binti alikuwa amepanda vituo viwili tu nyuma. Basi likasimama kituoni.