Chembe za Nguruwe kwa Priska

Mwaka ule mashamba ya mkonge yalikuwa yakifungwa, hospitali nazo zimeanza kuwadai wagonjwa mchango, kwa hiyo benchi la kahawa la Mwamvita, nyuma ya stendi ya Same, halikukosa watu tangu asubuhi. Hezroni alikaa ukingoni, hanywi. Binti yake Priska, miaka kumi na sita, ana kisukari. Dawa yake ya sindano huhifadhiwa kwenye mtungi uliozungushiwa mchanga mbichi isiharibiwe na joto, na mara mbili mwaka huo ilikosekana, akazimia. Sasa madaktari wa utafiti walitaka kumpandikizia vijibonge vya chembe za kongosho la nguruwe, zilizobadilishwa vinasaba ili mwili usizikatae. Hezroni aliwaambia wenzake kwamba ameombwa saini. Hakuwaambia kwamba alishatia saini jana, wala kwamba Priska yuko stendi na shangazi yake, wanasubiri basi la saa nne la kwenda Dar es Salaam, kwa madaktari hao.

– Nguruwe? – alisema Tangawizi, waliyemwita kwa zao alilolima huko Mamba, milimani. – Sisi Wasabato hata mafuta yake hatugusi.

– Hatamla, ndugu yangu – alisema Hezroni. – Anapandikiziwa.

– Ndiyo mbaya zaidi. Mimi nafukia kipande cha tangawizi kama kidole, miezi tisa baadaye nang'oa shina zima. Miezi tisa, Hezroni. Hesabu mwenyewe.

Hezroni alijua kongosho si tangawizi. Hata hivyo alijikuta anahesabu, akafika Februari.

– Acha kumtisha mwenzio – alisema Mkonge, aliyepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge. – Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Mgeni mwenye kwato? – aliuliza Tangawizi.

– Hapo sasa. Kule shambani waliletwa wageni, tukaambiwa wamekuja kutuponya. Walipozoea, tulioondoka ni sisi. Hizo chembe zimefundishwa kujificha mwilini. Zikishazoea, atakayepunguzwa ni nani?



– Ataanza kusahau Chasu, lugha ya nyumbani – alisema Tangawizi polepole. – Kisha atakusahau wewe.

– Kwani nguruwe ana lugha gani? – aliuliza Mwamvita, akimimina.

– Ndiyo hatari yenyewe, mama. Hatuijui.

Hezroni alikuwa akisubiri mmoja wao, yeyote, aseme kwamba mzazi angefanya nini tena.

Mwanamke mwenye kikapu, msafiri wa kwenda Bendera, alikuwa ameomba kahawa na kusimama kando.

– Shikamooni.

– Marahaba.

– Samahani, nimewasikia. Waliowekewa kabla ya huyo binti, wanaendeleaje?

Tangawizi alimtazama Mkonge. Mkonge alimtazama Hezroni. Karatasi za madaktari zilikuwa kurasa tano, naye Hezroni alizisoma zote. Ukurasa wa tatu ulisema waliowekewa kabla ni nyani. Haukusema wanaendeleaje.

Huko stendi utingo alianza kuita abiria wa Dar es Salaam. Hezroni aliinuka bila kuaga. Alitembea, kisha akakimbia, na hadi anaufikia mlango wa basi hakuwa amejua kama amekuja kumuaga Priska au kumshusha.