Harusi Kumi na Moja Zilizobaki Kwenye Diski

Kaeni kitako, wanangu, na anayetaka kulia akalie ukumbini kisha arudi, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kuitumia kumbembeleza mtu. Abdulhadi, sogea, wewe ndiye mkubwa na wewe ndiye mwenye makosa. Mona, niwekee mto mgongoni. Haya. Mimi Haifa binti Faraj, niliyepiga video za harusi za wanawake wa Kibokoni na Kuze kwa miaka ishirini na miwili, akili yangu ni timamu, na daktari aliyewaambia mnirudishe nyumbani hakuwaambia mninyamazishe.

Nyumba na dhahabu, kadhi atawagawia, sina la kuongeza. Nataka kusema juu ya ile laptopu. Nimewasikia mkinong'ona hapo mlangoni ati imezeeka, diski yake imekufa, iuzwe kwa Ogutu wa vyuma chakavu. Haijafa! Sisi wawili, mimi nayo, mmetuandikia cheti cha kifo mapema mno. Laptopu yenyewe ni mali yangu, igawanyeni mkitaka, lakini yaliyomo ndani ni amana za watu, na hizo hamzirithi.

Mwajua nilivyofanya kazi. Siku ya kupamba simu hukusanywa mlangoni, mwanamume hapiti, na bibi harusi hukaa mbele ya kamera yangu nywele wazi na hina mpaka mabegani, kwa kuwa mamake ameshaambiwa kwamba kwa Bi Haifa hakitoki kitu. Ndiyo sababu mwaka juzi, laptopu ilipoanza kuzubaa, nikihifadhi harusi moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, sikuipeleka kwa fundi. Ni wewe, Abdulhadi, uliyeichukua nikiwa kwa jirani ukampelekea fundi Kombe pale karibu na Marikiti, ati unanisaidia. Nilikuja mbio, buibui upande, kiatu kimekatika ukanda, nikaikuta juu ya meza skrubu zimetolewa, na wallahi nilimtukana yule mtu wa watu mpaka wauza maembe wakaacha kuuza. Kombe akaapa kwamba hajafungua hata picha moja. Nikamwambia, basi geuka, utazame ukuta, unifundishe kwa mdomo nami nifanye kwa mkono.

Tukakaa hivyo siku tatu, yeye ameukabili ukuta wenye kalenda, mimi namsomea nambari. Kwanza tukapima kasi ya kusoma: megabaiti mia mbili na sitini kwa sekunde. Akacheka, akasema huo si ugonjwa, ni tundu la kuchomekea diski kwenye laptopu ya zamani, halipitishi zaidi ya hapo, na hata nikinunua diski mpya mambo yatakuwa yale yale. Tukapima afya ya diski: nzima. Joto: la kawaida. Tukapima kasi ya kuandika, nambari ikaanza juu ikaporomoka mpaka kumi na mbili, na hapo Kombe akauliza, mama, nafasi imebaki kiasi gani? Nikamsomea. Akasema, basi ugonjwa ni huo. Diski ilikuwa imejaa pomoni, na diski za namna hii, wanangu, hutaka nafasi tupu za kupangia vitu vyake. Ukiijaza hadi mlangoni, kila kipya hungoja cha zamani kisukumwe. Haikuchoka hata kidogo. Ilikuwa imebeba harusi arubaini za watu wasiokuja kuchukua vyao, nami nilikuwa nikiogopa kufuta.

Nikawasaka mmoja mmoja, mpaka Liwatoni nimekwenda na magoti haya. Kila mmoja akaja na flashi yake, akapewa vyake, nikafuta mbele ya macho yake, kisha nikaiacha laptopu kwenye umeme bila kuigusa ijipange yenyewe. Zilipotoka harusi ishirini na tisa, kasi ya kuandika ikarudi mia mbili. Mia mbili, Abdulhadi! Na ikiwa ilikuwa inasota tena, ni kwa kuwa nilipokuwa hospitali umeijaza filamu zako za kupigana. Ulidhani sitajua? Bahati yako harusi zimefungwa kwa neno la siri.

Basi sikilizeni, maana naanza kukatika pumzi. Jana Mona ameziondoa hizo filamu, usimwulize. Robo ya diski iwe wazi daima. Harusi zilizobaki ni kumi na moja. Kumi majina yake yamo daftarini, wenyewe watafutwe, hata aliyeolewa Maskati. Kabla hazijatoka zote, laptopu isivuke kizingiti hiki, aje Ogutu, aje nani.

Ya kumi na moja... nipe maji kwanza. Ya kumi na moja haimo daftarini. Mona, ni yako. Ulipoachwa uliniambia niifute, nikakwambia nimefuta. Sikufuta. Nawahubiria watu amana na huku nimekalia ya mwanangu miaka sita, kwa sababu mle ndani unacheka, na tangu siku ile sijakusikia ukicheka vile. Kwa hilo moja naomba radhi. Kwa mengine yote siombi, nimesimama pale pale.

Ilete. Iweke hapa, juu ya shuka. Abdulhadi, tazama ukuta. Najua ni dadako, lakini mle hayumo peke yake. Geuka, nimesema! Njoo, Mona, neno la siri nikwambie sikioni... umelishika? Haya. Radhi zangu mnazo, nyote wawili, na wewe wa filamu pia, Mungu awape... awape watoto wakaidi kama nyinyi. Imewaka? Upesi, sivyo? Niliwaambia.

Itazame mara moja tu, mwanangu. Kisha ukitaka kufuta, futa wewe, kwa kidole chako. Mimi... mimi nafumba macho, nasikiliza.