Mama Edah Nabwile, Aliyemnyima Mzee Gicheru Bunduki

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Edah Nabwile atakuwa ametimiza miaka ishirini na minane katika kampuni yetu ya kambi na safari hapa Kitale, na siku hiyo hiyo atavua aproni na kustaafu. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu mimi, Wanyonyi, dereva mkuu, ndiye niliyesafiri naye mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai. Wasomi wako hapa ofisini, wangeweza kuandika, lakini wao waliona picha tu. Mimi nilikuwepo, na pale ambapo sikuwepo nilikuwa karibu.

Mama Edah ni mzaliwa wa Bokoli. Alianza kazi kwa kuosha vyombo katika kambi yetu ya kule juu ya Cheptais, wakati kampuni nzima ilikuwa na mahema mawili na sufuria moja isiyo na mkono. Mpishi wa wakati huo alikuwa akipika wali hadi unashikana kama saruji. Siku moja aliumwa na jino, Mama Edah akashika mwiko, na wageni wakakataa aurudishe. Tangu hapo amekuwa mpishi mkuu, siku za kazi akilala mtaa wa Tuwan hapa mjini, na Jumamosi akirudi Bokoli kuona kama kuku wake bado wanamtambua.

Kama mjuavyo, hapa Kenya serikali ilifunga uwindaji tangu sisi wengine tukiwa watoto. Kwa hivyo mwenye shamba wa Trans-Nzoia akishikwa na hamu ya kuwinda, hana budi kupanda ndege aende kwa wenyewe, penye kibali na sheria zake. Hiyo ndiyo kazi iliyoipa kampuni yetu jina. Tunawapeleka Kanada, Argentina, hata New Zealand, na mpishi wetu pamoja nao, maana mtu wa Kitale anaweza kuvumilia baridi na mbu lakini si wiki mbili bila ugali. Kanada tulikuta theluji ambayo ingemfika twiga shingoni, kama wangekuwa na twiga. Mama Edah alipika humo humo, nje, na moshi wake ndio uliotuonyesha njia ya kurudi kambini.

Lakini adui wetu mkubwa hakuwa baridi wala wanyama wakali. Adui alikuwa jeti legi, ule ulevi wa saa. Unashuka kwenye ndege, jua la wenyeji linawaka, na mwili wako unadai ni usiku wa Bungoma. Mimi binafsi jeti legi inaniogopa. Niliwahi kukaa macho kutoka Eldoret mpaka Argentina nikimsimulia jirani yangu hadithi moja tu, na tuliposhuka ndio nilikuwa nafika katikati. Wateja lakini walikuwa wanaanguka kama migomba. Na mtu anayesinzia akiwa na bunduki, bana, huyo ni hatari kuliko simba.

Mama Edah aliunda dawa yake mwenyewe. Vidonge vya usingizi hakuvitaka. Alisema, "Kidonge kinakulaza tu, hakikwambii umefika wapi." Yeye akifika kambini anatafuta mahindi ya wenyeji, gunia zima, anawaketisha wateja nje juani, na kila mmoja anapukuchua kwa mkono mpaka jua la pale lizame. Hakuna kuingia hemani. Vidole vikiuma, usingizi unakimbia. Kesho yake alfajiri ndio mtihani: anakupa kikombe cha chai kilichojaa mpaka mdomoni, utembee nacho kutoka jikoni hadi kwenye gari. Kikifika kimejaa, unapewa bunduki. Kikimwagika, unabaki kambini na yeye. Viongozi wa uwindaji wa nchi zote hizo waliukubali mtihani huo, na hawakumruhusu mtu aliyekataliwa na Mama Edah.

Sasa nifike kwa ile habari ambayo watu wengi hapa wanaijua nusu nusu. Mwenye kampuni hii, Mzee Gicheru, hakuwahi kuwinda maisha yake yote. Alikuwa akipeleka watu tu. Ndipo akiwa na miaka sabini na kitu, magoti yameanza kumsumbua, akaamua naye aende Argentina akampate kulungu dume mmoja, wale wenye pembe kama mti wa mpera uliopukutika majani. Kibali chake kilikuwa cha asubuhi mbili tu. Kwenye ndege alinishika mkono akaniambia, "Wanyonyi, hii ndiyo ya kwanza na ya mwisho."

Tulifika mchana. Argentina ina ujanja wake: kwetu tukisema saa tano asubuhi, saa yao ya ukutani pia inaonyesha tano, ila nje kwao bado ni giza. Mzee aliishika hiyo hesabu kama wakili. Alipoona gunia la mahindi alipandwa na hasira.

"Nabwile! Mimi nina mashamba ya mahindi Kitale. Nivuke bahari nije kupukuchua ya watu? Na si saa ni ile ile?"

"Saa ni ile ile, mzee, lakini jua ni lingine. Pukuchua."

Alipukuchua mahindi matatu, akasema anakwenda kutafuta miwani. Miwani ilikuwa kwenye paji la uso wake, sisi sote tuliiona, lakini nani angemwambia? Alilala hemani mpaka jioni. Basi usiku ulipofika hakupata hata lepe la usingizi, na alfajiri akatokea jikoni macho mekundu, bunduki begani, kofia mpya kichwani.

Mama Edah akajaza kikombe. Mzee alipiga hatua chache, chai ikamwagika kwenye mkono wa koti. Akatazama huku na huku. Akasema ati ardhi ya Argentina haijanyooka. Mama Edah akamjazia kingine, maana ni mkubwa wa kazi. Hicho kilimwagika kabla hajatoka mlangoni.

Jamani! Mama Edah alikuwa amebakisha miaka sita kufikia kustaafu, na watoto wake wawili walikuwa bado chuoni. Kila mtu alijua ni rahisi namna gani kutazama pembeni. Yeye alimgeukia kiongozi wa kule akatikisa kichwa, kisha akanyoosha mikono yote miwili apokee bunduki.

Mzee akasema kwa sauti ya chini, na hiyo yake ya chini ndiyo ya kuogopa, "Nabwile, ukininyima hii bunduki, tukifika Kitale usije kazini."

"Sawa, mzee. Lakini leo niko kazini. Nipe."

Alimpa. Jioni Mzee alipukuchua gunia lake peke yake, bila kuinua kichwa, akalala fofofo. Asubuhi ya pili kikombe chake kilifika kwenye gari bila kupoteza tone, nami ndiye niliyekipokea. Lakini mvua ilikuwa imeanza, ile ya mawe, na ikanyesha mpaka mchana. Hata sungura hakutoka. Kibali kikaisha. Tulirudi nyumbani, ndege baada ya ndege, Mzee akitazama dirishani na Mama Edah akishona kitambaa, na mimi katikati yao nikiwa sina hadithi. Hiyo ni mara ya kwanza na ya mwisho mimi kukosa hadithi.

Jumatatu Mama Edah hakuja kazini. Alikuwa ameambiwa asije, naye si mtu wa kuomba. Jikoni Jerop, mmoja wa wanafunzi wake, alilia juu ya vitunguu ambavyo hakuwa amevikata. Kabla ya chai ya saa nne, Mzee Gicheru alinitupia ufunguo akasema twende Bokoli. Alipofika uani kwa Mama Edah alivua kofia, akasimama pale kuku wanapokula, akasema, "Dada, ningeua mtu." Kisha akaketi bila kukaribishwa. Tulichinjiwa jogoo, na firigisi akapewa Mzee kama mgeni wa heshima. Kesho yake Mama Edah alikuwa jikoni Kitale kana kwamba hakuna kitu.

Tangu siku hiyo sheria ya kampuni ni kwamba neno la Mama Edah likishatoka kuhusu bunduki halikatiwi rufaa, na kwa miaka yote hii hakuna mteja wetu hata mmoja aliyejeruhi mtu. Amefundisha wapishi kumi na wanne, baadhi yao sasa wana hoteli zao Bungoma mjini. Mzee Gicheru hakurudi tena Argentina, magoti yalikataa. Kulungu wake bado yuko huko, nasikia ameota pembe mpaka ndege wanajenga viota, na nasikia anamsalimia.

Kuhusu atakayeshika nafasi ya Mama Edah, Mzee anafanya mahojiano mwenyewe. Anaingia jikoni, anaagiza kitu kisichofaa, kisha anangoja. Bethwel, mwanafunzi mwingine wa Mama Edah, aliambiwa atie sukari kwenye mchuzi wa nyama akasema, "Ndiyo, mzee." Jerop aliambiwa awapikie wageni kuku wa juzi, akasema, "Ndiyo, mzee," huku machozi yakimlengalenga. Wote wawili walirudishwa kuosha vyombo. Kundi la Agosti limekwishalipia tiketi, na Mzee anasema bila mtu wa kumkatalia hapandi mtu ndege. Nafasi iko wazi hadi leo.

Mama Edah, umetulisha, umetukeshesha na umetulaza kwa wakati wake. Asante kwa chai, na asante zaidi kwa ile "hapana" moja. Nenda Bokoli ukapumzike. Afya yako iwe njema, wajukuu wakuheshimu, na maisha yako ya kustaafu yawe na neema tele.